Manyoya halisi kwenye kadi: usiyabandike

Dada, umeuliza kama unaweza kubandika manyoya uliyookota ufuoni kwenye kadi unayomtumia mwenzako wa Marekani. Ningekusihi usifanye hivyo. Kule kuna sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wahamao, na inagusa hata unyoya uliodondoka wenyewe. Isitoshe, forodha za nchi nyingi haziyapendi mazao ya wanyama. Kadi uliyoihangaikia wiki nzima ikizuiliwa, inauma.

Tumia kitambaa. Pita Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso Mombasa, uokote vipande vya leso, kisha ukate umbo la ndege kanga. Yule wa porini ana madoadoa, na wengi husema nguo yetu ilipata jina kwake. Mwenzako akipokea ndege kanga aliyeshonwa kwa kanga, na maelezo mafupi nyuma, atakuwa amepata kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kumtumia. Mimi hilo hunifurahisha kuliko rangi zote za dukani.

Gundi ya unga iache, maana kwa unyevu wetu huu huota ukungu na mende huipenda. Shona kwa uzi, au tumia gundi nyeupe kidogo na uikandamize chini ya vitabu usiku kucha.

Kama mnabadilishana kadi ndogo za wasanii, kipimo ni sentimita 6.4 kwa 8.9. Tia ndani ya bahasha na kipande cha boksi la nafaka, isikunjwe njiani. Shanga zisizidi, mashine za posta huzivunja.

Na keremkerem mwekundu, yule ndege mla nyuki, ukimweza, mtengeneze pia.