Fa na ti si za shetani: neno kwa walimu wa kwaya na watunzi chipukizi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanakwaya, na kila ukirudi umeongezwa chumvi. Unasema Kanisa la Zama za Kati lilipiga marufuku umbali fulani kati ya nota mbili, likauita shetani katika muziki, na mtunzi aliyethubutu kuutumia alichomwa moto. Watunzi chipukizi huniletea nyimbo zao wakiuliza kama waufute. Huwa nawaambia wauache, ila kwanza wajue kwa nini wazee waliukwepa, maana sababu ile bado inatusumbua kwenye mazoezi.

Umbali wenyewe ni wa fa hadi ti. Hesabu: fa kwenda so toni moja, so kwenda la ya pili, la kwenda ti ya tatu. Toni tatu nzima, hakuna nusu toni ndani yake, ndiyo maana wasomi wanauita tritoni. Gusa F na B pamoja kwenye kinanda, yaani fa na ti za ufunguo wa C, usikie: oktava (do hadi do ya juu) imekatwa katikati, na sikio halijui lielekee wapi. Watu wa kale walipima sauti kwa urefu wa uzi. Uwiano wa do na so hutoka 3 kwa 2, do na fa 4 kwa 3, lakini fa na ti ni 729 kwa 512. Mtawa aliyesimama ndani ya kanisa la mawe, hana kinanda, angeishika vipi hesabu hiyo?

Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, ndiye aliyetupa ut, re, mi, fa, sol, la, akizichukua kwenye mianzo ya mistari ya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Ziko sita tu, ti haimo. Mwimbaji aliyetaka kupanda zaidi ya la alihamia kwenye sita nyingine. B ikawa mi ya zile zinazoanzia G, na F ikabaki fa ya zile zinazoanzia C. Hapo ndipo walimu walipoonya juu ya mi kukutana na fa. Dawa yao ilikuwa kuishusha B nusu toni, na ile b ya mviringo waliyoiandika kama alama ndiyo flati tunayoandika hadi leo.

Shetani alikuja baadaye sana. Msemo wa Kilatini diabolus in musica unakutwa kwenye vitabu vya walimu wa mwanzoni mwa karne ya 18, kama Andreas Werckmeister mwaka 1702 na Johann Joseph Fux mwaka 1725. Papa Yohane XXII, alipotoa waraka wake juu ya muziki kutoka Avignon karibu mwaka 1324, alilalamikia waimbaji wanaoukatakata wimbo kwa nota fupifupi hadi wimbo wenyewe hautambuliki. (Nawajua maparoko ambao wangeutia saini waraka huo hata leo.) Aliruhusu siku za sikukuu kuongeza oktava, ya tano (kama do na so) na ya nne (kama do na fa) juu ya wimbo. Moto haumo. Kwa hiyo ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze.

Jambo linalonichekesha zaidi ni hili: do na mi zikipigwa pamoja, utamu wote wa kwaya zetu, katika karne ya 13 zilihesabiwa kuwa patano lisilo kamili, na do na la zikawekwa kabisa upande wa sauti zinazogombana. Kinyume chake, sauti mbili kutembea sambamba kwa umbali wa tano, kosa ambalo mwalimu wa hamoni atalipigia mstari mwekundu kwenye daftari lako, ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kuupamba wimbo wa kanisa katika karne ya 9. Wagogo wa Dodoma nao hujenga nyimbo zao juu ya sauti za asili za uzi, zile ndogondogo zinazolia ndani ya sauti yake kuu, na uzi wowote ukiuchunguza, ya tano na ya saba katika mfululizo huo zina umbali unaokaribia sana tritoni. Sijasikia mtu aliyekimbia ngoma yao kwa sababu hiyo.

Sasa kazi. Tritoni unaikuta karibu kila Jumapili: so, ti, re na fa zikilia pamoja kabla ya kutua kwenye do, tayari imo. Inakuwa tamu kwa sababu ina pa kwenda. Ti inapanda kwenda do, fa inashuka kwenda mi. Nikifundisha, nazima kinanda. Waimbaji wa sauti ya tena wanashika fa, soprano wanashika ti, wanakaa hapo hadi wazoee ule ugomvi, halafu naonyesha mkono wanatua. Kwaya iliyozoea kufuata kinanda tu, umeme ukikatika katikati ya misa, ti yao inateremka taratibu na wimbo wote unateremka nayo.

Kuruka kutoka fa hadi ti ndani ya sauti moja ni kugumu zaidi. Waimbishe fa, so, la, ti hatua kwa hatua, kisha so na la waziimbe moyoni tu. Ukiwa mtunzi, besi usiwarushe juu hivyo. Wape ti ya chini: kutoka fa washuke hadi ti, halafu wapande hatua moja kwenye do. Nota ni zilezile, lakini koo linakubali.

Kuna pia fe, yaani fa iliyopandishwa nusu toni, ambayo wimbo unaoelekea ufunguo wa so hauwezi kuikwepa. Waimbaji wengi huisoma fa. John Curwen, Mwingereza aliyeieneza sol-fa ya herufi katika karne ya 19, alikuwa na njia ninayoitumia hadi leo: pale wimbo unapohama ufunguo, nota moja inapewa majina mawili, la zamani na jipya. So inageuka do, fe inageuka ti, na ti kila mwanakwaya anaijua. Watawa wa Guido nao walikuwa wakibadili majina hivyohivyo njiani.

Na ukitaka tritoni isikike waziwazi, itafutie maneno yanayoistahili. Mwaka 1723 huko Leipzig, mtunzi Mjerumani Bach alimalizia kantata moja (utungo wa waimbaji na ala) kwa wimbo wa kanisa ambao maneno yake ya kwanza, "Es ist genug", yaani imetosha, yanapanda do, re, mi, fe. Ni roho iliyochoka inaomba kuondoka duniani. Mimi ningeiweka kwenye wimbo wa Ijumaa Kuu bila kusita. Kwenye kiitikio cha Aleluya ambacho waumini wote wanatakiwa wakidake kwa kusikia mara moja, nisingeiweka. Ile fe wataiimba fa, na wao ni wengi kuliko kwaya.