Poda, sumu na kijakazi anayejua kusoma: majibu kwa wasomaji

Tangu anime (katuni ya Kijapani) ya Kusuriya no Hitorigoto ianze Oktoba 2023, tena kwa kutoa sehemu tatu kwa mpigo, maswali hayaishi. Nimeshatazama nne. Kwa asiyeijua: Maomao, binti aliyelelewa na mtengeneza dawa katika mtaa wa madanguro, anatekwa na kuuzwa kuwa mtumishi kwenye makazi ya masuria wa mfalme. Nia yake ni kufanya kazi kimyakimya, muda wake uishe, arudi kwao. Inashindikana, maana anajua mambo mengi mno na mdomo unamwasha.

Mimi ni mtu wa Conan, ile anime ya upelelezi. Huku nako kuna mauaji kila wiki? (Msomaji, Mombasa)

Hakuna, na ukikaa kusubiri maiti utachoka. Conan yuko hewani tangu 1996 na mtindo wake unaujua: mtu kafa, wageni wote wanashukiwa, mwisho kidole kinanyooshwa. Huku watoto wa mfalme wanakufa wangali wachanga na kasri zima linanong'ona kuwa ni laana. Sehemu ya tatu kuna mwanamke anaonekana usiku akicheza ngoma juu ya ukuta, na walinzi wameshakubaliana kuwa ni mzuka. Maomao hana habari na laana wala mizuka. Anauliza mgonjwa alikula nini na alijipaka nini.

Ila nikuonye: kama raha yako ni kushindana na mpelelezi, utakereka. Mara nyingine dalili ya maana tunaipata palepale Maomao anapoeleza jibu, na bila elimu ya mimea na sumu usingeibahatisha. Mimi nimelisamehe hilo. Jibu Maomao hulipata mapema. Kinachomsumbua ni nani atamsikiliza kijakazi wa kufua nguo.

Sehemu ya kwanza imenichosha, wanapiga soga tu. Niendelee? (Msomaji, Dodoma)

Rudia tena, safari hii fuatilia vile vitambaa viwili. Maomao akishagundua kinachowaua watoto, yaani poda nyeupe ya uso, haendi kwa mkubwa yeyote. Anachana nguo yake, anaandika onyo, anafunga kwenye tawi la maua na kuliacha dirishani kwa suria Gyokuyo, na jingine kwa suria Lihua. Gyokuyo anatii, bintiye anapona. Lihua hatii, anamzika mwanawe. Onyo ni lilelile, mwandiko ni uleule.

Halafu inakuja namna anavyokamatwa, na hapo ndipo mimi nilipotekwa. Jinshi, yule ofisa mzuri kupita kiasi, anawakusanya vijakazi na kuinua karatasi iliyoandikwa kwamba mwenye madoadoa usoni abaki. Wenzake wanaitazama bila kuelewa kitu, wanaambiwa waondoke, wanaondoka. Maomao peke yake kaganda. Ameshaisoma, macho yamemsaliti. Hakuna aliyemhoji wala kumtisha. Kujua kusoma tu kumetosha kumtia mbaroni.

(Nilimkumbuka Binti Salme, mtoto wa Sultani wa Zanzibar, aliyejifundisha kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana wa huko walifundishwa kusoma tu.)

Poda ya kuua mtoto ni chumvi ya mtunzi au kweli? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli tupu, ndugu yangu, na inatisha kuliko katuni yenyewe. Poda nyeupe ya uso ilitengenezwa kwa madini ya risasi kwa karne nyingi, Ulaya na Asia, kwa sababu inashika vizuri na kung'arisha ngozi. Huko Japani kulikuwa na ugonjwa wa watoto wachanga uliodhaniwa kuwa ni uvimbe wa utando wa ubongo, na madaktari hawakujua chanzo. Mwaka 1923 daktari wa watoto wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Ikutaro Hirai, alionyesha kuwa ni sumu ya risasi kutoka kwenye poda za mama zao. Mtoto ananyonya, poda iko shingoni na kifuani, anailamba. Poda hizo zilipigwa marufuku huko katika miaka ya 1930.

Mtoto huumia zaidi kwa sababu tumbo lake hufyonza risasi nyingi kuliko la mtu mzima, na ubongo ndio kwanza unajengeka. Na kwa kuwa umeuliza kutoka Tanga, niseme na hili: baadhi ya wanja wa kusaga, ule wa asili unaosifiwa kuwa hauna kemikali, hutokana na jiwe la galena, ambalo ni madini hayohayo ya risasi. Kabla hujampaka mtoto machoni, ujue umetengenezwa na nini.

Sehemu ya nne inarudi kwenye poda hii. Mfalme ameshaipiga marufuku, lakini mjakazi mmoja wa Lihua anaendelea kumpaka bibi yake mgonjwa, kisa hakuna nyingine inayompendeza kama ile. Maomao, ambaye mpaka hapo hajapandisha sauti, anamshika nywele. Hasira yake haina madoido ya anime: hakuna muziki wa kishindo, hakuna macho ya kuwaka moto. Kisha anakaa na mgonjwa siku nenda siku rudi, uji mwepesi na mvuke, mpaka anakula. Kama sehemu hiyo haikukugusa, achana na mfululizo huu bila kinyongo.

Hii ni Uchina au Japani? (Msomaji, Kisumu)

Nchi ni ya kubuni, imeshonwa kwa vipande vya Uchina ya kifalme: masuria wenye vyeo, matowashi, mitihani ya maofisa. Mtunzi, Natsu Hyuga, ni Mjapani. Alianza kuichapisha hadithi mtandaoni mwaka 2011.

Mwanangu ana miaka tisa anaipenda kwa rangi zake. Nimwachie? (Mama, Arusha)

Hapana, dada. Rangi zinadanganya. Kuna madanguro, vifo vya vichanga, na Maomao mwenyewe anajikatakata mkono ili ajaribie dawa zake. Ngoja afike sekondari.

Manga zake (vitabu vya katuni) ni mbili, nisome ipi? (Msomaji, Nairobi)

Zote zilianza 2017, zote zinatokana na riwaya moja. Ya Nekokurage ina michoro ya kuvutia zaidi. Ya Minoji Kurata inakwenda mbio. Mimi ningeshika ya kwanza.

Jinshi ni towashi kweli? Siamini hata kidogo. (Msomaji, Muscat)

Msimu wa kwanza una sehemu 24 na mimi nimetazama nne tu. Waliosoma riwaya wanajua, na wamejaa mitandaoni wakisubiri mtu wa kumharibia uhondo. Ukienda kuwauliza, usirudi kunisimulia.