Re: Nimejikata mkono kiwandani, supavaiza anataka nirudi kazini

Pole sana mkuu. Kwa hiyo umejikata kwenye meza ya minofu ya sangara, daktari kakupa mapumziko wiki sita, alafu supavaiza anasema urudi ama mshahara unasimama, si ndo hivyo?

Cha kwanza angalia kama kiwanda kimeripoti ajali WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), hapo ndo wengi tunakwama. Mwajiri ana siku 7 tangu apate taarifa. Mi niliteleza kwenye sakafu yenye barafu, kiwanda kimoja huku Ilemela, goti likaenda, ofisini wakawa wananizungusha tu njoo kesho njoo kesho, mwisho nikaandika barua mwenyewe nikagongewa muhuri kwenye nakala, hiyo nakala ndo iliniokoa. Usilale, dai lina mwisho wake, miezi 12.

Likikubaliwa, kipindi huwezi kazi unalipwa asilimia 70 ya mshahara, na matibabu yapo juu ya mfuko. Wewe huchangii hata mia, anachangia mwajiri.

Kurudi usikatae moja kwa moja, muombe daktari aandike kazi nyepesi, mfano kuhesabu kreti au kubandika lebo, sio kisu wala chumba cha baridi, baridi ile na kidonda haviendani kabisa. Risiti zote tunza (bodaboda hawatoi, najua).