Maswali ya Wasomaji: Akiba ya Kikundi na Biashara ya Sola

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake 24 wa Mbagala Kizuiani, na kwa miaka minne tumefikisha akiba ya shilingi milioni 20. Baadhi yetu ni wenyeji wa Delta ya Rufiji, ambako ndugu zetu katika vitongoji kadhaa bado wanatumia koroboi na tochi. Tunataka kuwauzia sola kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo ametuhakikishia kwamba tukichukua seti 60, fedha yetu itarudi ndani ya miezi minane. Je, hesabu hiyo ni ya kweli? — Katibu wa kikundi, Mbagala.

JIBU: Dada Katibu, kwanza nakupongeza wewe na wenzako, kwa sababu fedha ya watu waliotoka katika vitongoji hivyo ina nafasi nzuri ya kuwafikishia ndugu zao mwanga. Hata hivyo, naomba msisaini chochote kabla ya kuirudia hesabu hiyo pamoja nami.

Tuchukulie kwamba seti moja yenye paneli ya wati 50, betri ya lithiamu, taa nne, redio na sehemu ya kuchajia simu inawagharimu shilingi 300,000 hadi kufungwa nyumbani kwa mteja, nanyi mnaiuza kwa 420,000. Mteja anatanguliza 60,000, kisha analipa 1,000 kwa siku hadi amalize 360,000 zilizobaki. Seti 60 zitameza milioni 18, na malipo ya kutanguliza yatawarudishia milioni 3.6 papo hapo. Iwapo kila nyumba italipa kila siku, mtapokea milioni 1.8 kwa mwezi, na kweli baada ya miezi minane mtaji utakuwa umerudi. Hapo ndipo mfanyabiashara wenu aliposimamia.

Lakini mvuvi halipwi kila siku. Zipo siku za mbalamwezi ambazo dagaa hawapatikani, upo msimu wa kusi bahari inapochafuka, na ipo miezi ambayo ada za shule zinatangulia kila kitu. Tukikadiria kwamba theluthi moja ya siku itapita bila malipo, makusanyo yanashuka hadi milioni 1.2 kwa mwezi. Ondoeni 400,000 za fundi, nauli ya gari kutoka Rangi Tatu, mafuta ya boti na makato ya simu, mnabaki na 800,000. Kwa mwendo huo deni lote la wateja litamalizika kulipwa katika mwezi wa 18, na siku mtakayopokea shilingi ya mwisho mtakuwa na milioni 18 zilezile mlizoanza nazo, bila faida hata senti moja, na hapo hatujamhesabu mteja hata mmoja aliyehama au aliyeshindwa kabisa.

Siwavunji moyo. Hata walio na mitaji mikubwa wamejikwaa mahali hapa. Kampuni ya Kijerumani ya Mobisol, iliyokuwa na wateja wengi hapa Tanzania waliolipa kwa takriban miaka mitatu, iliingia katika taratibu za ufilisi mwaka 2019, kisha ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Anayeuza kwa mkopo hununua vifaa leo kwa fedha taslimu, halafu husubiri miaka kuzipata tena, na kadiri anavyouza zaidi ndivyo fedha yake inavyozidi kukwama mikononi mwa wateja.

Katika hesabu yenu, kitu mnachoweza kukibadilisha kwa uhakika ni gharama ya huduma. Msitawanye seti 60 katika vitongoji sita kwa sababu kila mwanakikundi anataka kwao kufikiwe. Najua jambo hilo litaleta maneno kikaoni, lakini litawaokoa. Chagueni kitongoji kimoja au viwili vinavyopakana, mtafuteni kijana wa hukohuko aliyesomea umeme wa jua VETA au aliye tayari kufundishwa, mkae naye kwa mkataba. Gharama ya 400,000 ikishuka hadi 150,000 kwa mwezi, katika miezi ileile 18 mtabaki na milioni 4.5 juu ya mtaji. Sehemu ya fedha hiyo iwekeni kando kwa ajili ya betri na taa zitakazoharibika, msiigawane yote mwisho wa mwaka.

Nasisitiza fundi kwa sababu ya jambo nililoliona mwenyewe. Nilipanda boti Nyamisati kwenda kumtembelea rafiki, nikaonyeshwa nyumba yenye paneli nzima kabisa juu ya paa la makuti, ilhali ndani hapakuwa na taa hata moja inayowaka. Fundi tuliyefuatana naye alipanda ngazi akafungua maungio ya waya: waya ulikuwa umesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, na chini ya tepu shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani kwa sababu ya chumvi ya bahari. Aliukata, akaweka kiungio kisichopitisha maji, na taa zikawaka kabla chai haijapoa. Mama mwenye nyumba alikuwa hajalipa kwa wiki sita, na aliyemuuzia alikuwa amekwisha kumwandika kuwa mdaiwa sugu. Mfumo wa kufungia kifaa kwa mbali, ambao mteja asipolipa taa zinazimika na akilipa anatumiwa tarakimu za kufungulia, unamkumbusha mwenye taa inayowaka; kwa mwenye taa iliyokufa hauna maana yoyote.

Mkienda Kariakoo, chukueni futi kamba. Paneli nzuri hugeuza takriban asilimia 20 ya nguvu ya jua kuwa umeme, kwa hiyo mita moja ya mraba hutoa kama wati 200 jua linapokuwa kali. Paneli iliyoandikwa wati 300 huku haifiki mita moja ya mraba inawadanganya, hata ingekuwa na stika nzuri namna gani. Ulizeni pia alama ya ubora ya TBS na dhamana iliyoandikwa, na kabla ya kuanza kuuza kwa mkopo pateni ushauri wa mwanasheria kuhusu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la vinywaji katika mtaa mpya wa Chanika ambako nguzo za TANESCO hazijafika. Nikinunua sola ya jokofu sasa, si nitakuwa nimepoteza fedha umeme ukifika? — Mfanyabiashara, Chanika.

JIBU: Ndugu yangu, paneli hudumu miaka 20 na zaidi, na umeme wa gridi ukifika utaendelea kuitumia siku unapokatika. Chagua jokofu dogo linalotumia umeme wa betri moja kwa moja, bila inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Mengi ya aina hiyo hutumia karibu nusu yuniti kwa siku, na paneli za wati 200 zinatosha, kwa kuwa kwa saa tano za jua zuri hutoa yuniti moja kabla ya upotevu. Pima kwa mwezi wa Aprili, usipime kwa Januari: wakati wa masika mawingu hukaa siku mbili tatu mfululizo, na betri ndiyo itakayobeba mzigo huo. Wengi hununua paneli kubwa na betri ndogo kwa sababu paneli inaonekana juu ya paa na betri imefichwa chini ya kaunta, kisha soda zinapata moto ifikapo saa nne usiku.