Jibu: Kuzuru makanisa yanayowategemeza mkiwa likizoni
Dada, umeuliza mtayazungukaje makanisa yote yanayowategemeza kwa pesa katika utumishi wenu, Nakuru hadi Kakamega, watoto wasichoke. Msiyamalize yote. Jumapili moja, kanisa moja. Ibada za huku Magharibi mwa Kenya haziangalii saa, na baadaye kuna ugali kwa kuku wa kienyeji (mkikataa mtakuwa mmeharibu ziara). Kaeni Kisumu: Maseno, Luanda, Chavakali, hata Kaimosi walikofika wamisionari wa Marafiki (Waquaker) mwaka 1902, mnaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nakuru muipitie mkitoka Nairobi. Mchungaji aseme mapema kama mtahubiri au mtatoa salamu tu. Watoto wasilazimishwe kuimba mbele. Hesabu ya pesa mpeni mweka hazina kwa maandishi, si mimbarini.