Mashine Zilizokataliwa Ndizo Zilizoubeba Muongo wa 1980

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni aina zipi za muziki zilizoubeba muongo wa 1980. Najua wengi watawataja Michael Jackson, Madonna na Prince, na hawatakosea, maana hao ndio waliojaza redio na televisheni. Mimi mizani yangu ni nyingine. Naangalia muziki ambao mwaka 1979 haukuwepo, au ndiyo kwanza ulikuwa unatambaa mitaani, na ilipofika 1990 dunia ikawa haichezi bila huo. Kwa mizani hiyo nataja hip hop, haus (house, muziki wa dansi wa Chicago) na dancehall ya dijitali, yaani rege ya Jamaika inayopigwa kwa mashine. Zote tatu zililelewa na vyombo vya umeme ambavyo wanamuziki wenye majina walivipita dukani bila kugeuza shingo.

Chukua mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotoka 1980. Mshindani wake wa wakati ule, Linn LM-1, ilikuwa na sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa, na bei yake ilikaribia dola 5,000. Ya Roland iliuzwa dola 1,195, na sauti zake zilitoka kwenye saketi tupu: ngoma ya chini inayovuma kama tangi la maji lililopigwa ngumi, makofi yasiyofanana na mikono ya mtu yeyote, kengele ya bati. Waliotaka ngoma za kweli waliidharau. Mwaka 1983 ikaachwa kutengenezwa, zikiwa zimetoka mashine 12,000 hivi.

Hapo ndipo bahati yake ilipofunguka. Zikaanza kuuzwa mkono wa pili, bei ikashuka, zikafika kwa vijana wasio na uwezo wa kukodi studio wala kumlipa mpiga ngoma. Njia ilikuwa imeshaonyeshwa mwaka 1982, pale Afrika Bambaataa na mtayarishaji Arthur Baker walipoitumia kwenye Planet Rock, kibao kilichochukua melodi ya kundi la Kraftwerk la Ujerumani kikaiingiza kwenye hip hop ya Bronx, mtaa wa New York.

Itazameni kwa karibu. Chini ina vitufe 16 katika mstari mmoja: vinne vyekundu, vinne vya rangi ya chungwa, vinne vya njano, vinne vyeupe. Kila kitufe ni hatua moja ya mdundo. Bonyeza cha kwanza, cha tano, cha tisa na cha kumi na tatu, ngoma ya chini inaanza kutembea bila kusita, na huo tayari ni mwendo wa haus. Hakuna noti ya kusoma. Mdundo unauona kwa macho kabla haujafika masikioni, na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la muziki anaweza kuutunga usiku mmoja chumbani kwake.

Haus yenyewe naipenda kwa sababu ilizaliwa kwenye jivu la disko. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, sanduku la santuri za disko lililipuliwa mbele ya umati katikati ya mechi mbili. Watu wakavamia uwanja, mechi ya pili haikuchezwa. Miongoni mwa vijana waliokuwa kazini jioni ile, wakiwaonyesha watazamaji viti vyao, alikuwemo Vince Lawrence, kijana mweusi. Amesimulia kwamba santuri nyingi zilizoletwa hazikuwa hata za disko, zilikuwa tu za wasanii weusi. Mwaka 1984 yeye na Jesse Saunders wakatoa On and On, ambayo wengi huihesabu kuwa santuri ya kwanza ya haus. Kila nikiwaza hilo nasisimka: miaka mitano tu baada ya moto ule, na katika mji uleule! Jina nalo lilitokana na Warehouse, ukumbi ambao Frankie Knuckles alikuwa akipigia watu muziki, wengi wao weusi na Walatino, mashoga waliokuwa hawana pa kuchezea kwa amani.

Ndugu yake 808 ni TB-303. Ilitoka 1981 ili impigie besi mpiga gitaa aliye peke yake, ikashindwa kabisa kufanana na besi, ikaachwa 1984. DJ Pierre na wenzake wa kundi la Phuture wakaipata na kuzizungusha nobu zake mpaka ikalia kama kitu kinachochemka. Kanda ilipofika kwa Ron Hardy, DJ wa ukumbi wa Music Box, inasimuliwa kwamba mara ya kwanza watu waliondoka ulingoni. Akairudia, akairudia tena. Mara ya nne walikuwa wakipiga kelele za furaha. Ilitoka rasmi 1987 kwa jina la Acid Tracks.

Tekno ya Detroit, muziki mwingine wa dansi wa mashine, ya Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, naiweka kando ya haus. Roki nzito ilijaza viwanja, lakini mizizi yake ni ya muongo uliotangulia, kwa hiyo naipisha.

Utotoni nilikuwa na kinanda kidogo cha betri, cha aina ile inayobeba midundo ndani yake. Ukibonyeza kitufe kilichoandikwa rock, kinapiga chenyewe na besi yake, nawe unaimba juu. Wakubwa waliniambia huo si muziki, ni kelele za mtoto. Ndiyo maana niliposikia habari ya Kingston, mji mkuu wa Jamaika, nilikaa kimya kwa muda mrefu.

Mwaka 1985 mwimbaji Wayne Smith na rafiki yake Noel Davey walikuwa wakichezea kinanda cha Casio MT-40, wakaukuta mdundo wa rock. Wakaupeleka kwa mtayarishaji Jammy, akaupunguza kasi, Smith akauimbia Under Mi Sleng Teng. Hapakuwa na mpiga besi wala mpiga ngoma. Rege ilikuwa imejengwa juu ya watu hao wawili, sasa chombo cha plastiki kilikuwa kimekalia viti vyao vyote, na watu wakacheza. Mamia ya nyimbo yakarekodiwa juu ya mdundo huohuo.

Aliyeutunga ni Hiroko Okuda, binti aliyeingia Casio mwaka 1980 akitokea moja kwa moja chuo cha muziki. Tasnifu yake chuoni ilihusu rege. Aliketi Japani akatunga mdundo, akauita rock, na watu wa Kingston wakautambua kuwa wa kwao kabla hata ya kujua umetoka mkononi mwa nani.