Riwaya za kwetu: jibu kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniomba nikuchagulie riwaya za Kiswahili za kumpa mjukuu wangu huko Toronto, na umeuliza iwapo hazitamchosha, kwa kuwa ametimiza miaka 16 bila kukiona kisiwa chetu cha Ukerewe. Majina ya vitabu nitakutumia. Kwanza niache nikueleze kwa nini mimi mwenyewe nazipenda.

Nilikuwa kidato cha pili wakati Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipokuwa imepigwa marufuku shuleni. Bwenini tuliisoma kwa zamu, tumeifunika kwa gazeti. Nilipokuta Namagondo, kijiji cha kwetu Ukerewe, imo kitabuni, imechapwa kama miji mingine yote ya duniani, nilikifunga nikatazama huku na huku kana kwamba nimeiba. Hadi siku hiyo riwaya zangu zilikuwa za theluji na magari ya farasi, na kila nilichoambiwa nilikikubali, kwani ningembishia nani? Hii niliibishia tangu ukurasa wa kwanza.

Kosa langu ni kwenda nayo likizo. Marehemu babu yenu, mnajua alivyokuwa, aliikuta chini ya godoro akaichukua bila neno. Nilingoja fimbo, haikuja. Usiku wa tatu nikamsikia akimwambia bibi yenu kwamba huyo Zakaria mlevi, babake Rosa, hawezi kuwa mwingine ila jirani yetu, na bibi akakataa katakata, akataja mtu wake, wakabishana mpaka kandili likaisha mafuta. Kitabu hakunirudishia, nami nilikuwa nimebakiza kurasa chache tu. Mwisho wa Rosa niliujua nikiwa tayari nafundisha, na kwa hilo sijamsamehe vizuri.

Ndiyo maana husema, ingawa mmechoka kunisikia, kwamba riwaya ya kwetu humpa msomaji haki ya kubisha. Hata hivyo, Kuli ya Adam Shafi, inayosimulia makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, niliisoma kabla sijaiona bahari. Sikuwa na la kubishia hata moja, na usiku ule sikulala. Basi huenda utamu si kubisha, huenda ni kuwasikia watu wakitukanana na kubembelezana kwa maneno yale yale ya jikoni kwetu. Lakini hapana, narudi pale pale: babu yenu hakukesha kwa sababu ya Kiswahili, alikesha akimtafuta Zakaria.

Kuhusu mjukuu wangu, kama asome kwanza ndipo aje, au aje kwanza ndipo asome, jibu ninalo na linaniwasha ulimi, ila mtoto ni wako. Nakala yangu ya Rosa Mistika, niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, imo katika kabati la sebuleni. Meli ya kuja Nansio, hapa Ukerewe, bado inaondoka Mwanza, na Desemba nipo.

Mama yako